Yai la Kristali na Misuli ya Nyonga: Mwongozo wa Kufanya Zoezi kwa Usalama

Mkojo ukikuponyoka unapopiga chafya, unapocheka au unapoinua mzigo, chanzo mara nyingi ni udhaifu wa misuli ya sakafu ya nyonga. Wanawake wengi huambiwa hayo ndiyo matokeo ya kuzaa, au ni umri, na kwamba la kufanya ni kuvaa pedi na kunyamaza. Wameambiwa vibaya. Misuli hiyo inafundishika kama msuli mwingine wowote, na daktari wa wanawake wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika kuhusu mazoezi yake tangu mwaka 1948. Ndiyo maana hadi leo huitwa mazoezi ya Kegel.

Yai la kristali ni jiwe lililochongwa umbo la yai dogo na kung'arishwa, mara nyingi jedi au kwatzi ya waridi. Mwanamke huliingiza ukeni na kulishikilia kwa kubana misuli. Wapo wanaolipenda sana, na wapo madaktari wanaoshauri liachwe kabisa. Msimamo wangu ni kwamba kinacholeta nafuu ni zoezi. Yai ni kifaa tu, tena si kifaa bora kuliko vyote. Anayetaka kulitumia anastahili kuelezwa namna ya kulitumia bila kujidhuru, na anastahili pia kuelezwa ni wakati gani asiliguse. Kwa hiyo katika mwongozo huu yai linakuja katikati, baada ya misuli kujulikana.

Yanayosemwa kuhusu yai

Utasikia kwamba wake wa wafalme wa China ya kale walitumia mayai ya jedi. Daktari Jennifer Gunter na mwanaakiolojia Sarah Parcak walilifuatilia dai hilo kwa kupitia kumbukumbu za vifaa zaidi ya 5,000 vya jedi katika makusanyo ya makumbusho, na hawakukuta hata yai moja la aina hiyo. Dai jingine, kwamba jiwe husawazisha homoni na kurekebisha hedhi, lilifika hadi kwa waendesha mashtaka. Mwaka 2018 kampuni ya Goop, ya mwigizaji Gwyneth Paltrow, ilikubali kulipa dola 145,000 katika jimbo la California kumaliza shauri lililohusu mayai haya na madai yake yasiyo na ushahidi wa kisayansi. Homoni hutengenezwa na ovari na tezi nyingine za mwili. Jiwe halizigusi.

Kitu jirani ambacho kimepimwa kweli ni koni za ukeni, yaani vizito vidogo vinavyopangwa kuanzia chepesi hadi kizito, ambavyo daktari Plevnik alivieleza mwaka 1985. Tafiti zilipojumlishwa zilionyesha kwamba wanaotumia koni hupata nafuu kuliko wasiofanya chochote, ila haijaonekana kwamba koni zinayashinda mazoezi ya kubana bila kifaa. Mazoezi hayo matupu yana nguvu kuliko watu wanavyodhani. Katika tafiti za wanawake wanaovujwa na mkojo wakikohoa au kuruka, wanawake 56 kati ya 100 waliofanya mazoezi walisema tatizo limekwisha, wakati kwa wasiofanya ni 6 tu kati ya 100.

Basi yai linamfaa nani? Linamfaa mwanamke ambaye akibana hahisi kitu, na anahitaji kitu cha kushika ndipo ajue kama misuli inafanya kazi. Linamfaa pia anayependa kutenga dakika zake kumi za utulivu akiwa peke yake, akapumua na kuujua mwili wake. Hilo si jambo dogo. Wanawake wengi wamelelewa wakiona sehemu hiyo ya mwili ni ya kuoshwa haraka na kufunikwa, na kuizoea tu ni afya tosha.

Wasiopaswa kulitumia

Mjamzito asiingize yai. Mazoezi ya kubana bila kifaa anaweza kuyafanya, na hushauriwa ayafanye, lakini jiwe hapana. Aliyejifungua asubiri uchunguzi wa wiki ya 6, aambiwe kwamba mshono au mchubuko umepona na damu ya uzazi imekatika. Vivyo hivyo aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga asubiri ruhusa ya daktari wake. Usilitumie ukiwa kwenye hedhi, ukiwa na fangasi, uchafu wenye harufu, maambukizi ya mkojo au maambukizi ya nyonga, wala ukiwa na damu inayotoka bila sababu inayojulikana. Mwenye kitanzi azungumze kwanza na mhudumu wa uzazi wa mpango, kwa sababu uzi wa kitanzi unaweza kuvutwa wakati wa kutoa yai. Mwenye kizazi kilichoshuka, anayehisi kitu kizito kinataka kutoka chini, aanze na uchunguzi.

Kuna kundi moja linalosahaulika nalo ndilo linaloumizwa zaidi na yai. Ni wale ambao misuli yao imekaza badala ya kulegea. Dalili zake ni maumivu wakati wa tendo la ndoa, kushindwa kuingiza hata kidole au kifaa cha daktari cha uchunguzi, mkojo unaoanza kwa shida, choo kigumu kinachohitaji kusukumwa sana, na maumivu ya nyonga au ya kifandugu yasiyoeleweka. Msuli uliokaza mchana kutwa huchoka, na msuli uliochoka nao huvujisha mkojo. Mwanamke huyo akisikia "mazoezi ya kubana" hudhani ndiyo tiba, akabana zaidi, na maumivu yakaongezeka. Kama umejikuta katika maelezo haya, usinunue yai. Unahitaji kufundishwa kulegeza, na kazi hiyo ni ya mtaalamu wa fiziotherapia wa nyonga.

Na kama umewahi kufanyiwa ukatili wa kingono, mwili unaweza kukataa ghafla: moyo kwenda mbio, kuganda, kulia bila kujua kwa nini. Acha hapo hapo. Hakuna zoezi la kumalizwa kwa nguvu.

Hatua ya kwanza: itafute misuli bila yai

Misuli hii imetandazwa kuanzia mfupa wa kinena mbele hadi kwenye kifandugu nyuma. Juu yake vimekaa kibofu, mfuko wa uzazi na utumbo wa mwisho, na katikati yake hupita njia ya mkojo, uke na njia ya haja kubwa. Ikibana, hizo njia hufungwa na kuinuliwa. Ikilegea, unaweza kwenda haja. Inashuka kidogo unapovuta pumzi na kuinuka kidogo unapoitoa, na ndiyo sababu pumzi ni nusu ya zoezi lenyewe.

Kojoa kwanza. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikae kitandani. Weka mkono mmoja tumboni. Vuta pumzi taratibu hadi mkono uinuke. Unapoitoa pumzi, bana sehemu ya nyuma kama mtu anayezuia kujamba mbele za watu, kisha ulete mbano huo mbele kama anayekatiza mkojo. Utahisi mvuto wa kwenda ndani na juu. Makalio yasikaze, mapaja yasibanane, pumzi isizuiwe. Kisha achia yote, na usubiri hadi uhisi kweli imeshuka.

Sasa hakikisha. Osha mikono, kata kucha, na uingize kidole kimoja ukeni hadi kwenye kiungo cha pili. Bana. Ukifanya sawasawa, ukuta wa uke utakikumbatia kidole pande zote, zaidi upande wa nyuma, na kukivuta ndani. Ukiachia, mkazo utapungua na kidole kitapata nafasi. Kidole kikisukumwa nje, basi unasukuma kama mtu anayejisaidia, na huko ni kufanya kinyume kabisa cha zoezi. Usione haya, kwani zaidi ya wanawake 30 kati ya 100 hukosea mara ya kwanza hata baada ya kuelezwa vizuri. Asiyetaka kutumia kidole ashike kioo kidogo na kutazama msamba, yaani nafasi iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa. Ukibana, msamba huinuka na kuingia ndani. Msamba ukitokeza nje, umekosea.

Mbinu ya kukatiza mkojo ukiwa chooni itumie mara moja tu kama unataka kuitambua misuli, usiifanye kuwa zoezi. Kibofu kikizoeshwa kukatizwa kinaweza kubaki na mkojo usioisha.

Hatua ya pili: jenga mazoea kwa mwezi mmoja

Taasisi ya NICE ya Uingereza, inayotoa miongozo ya matibabu, hupendekeza angalau mibano 8, mara 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3. Hicho ndicho kipimo ninachokishikilia, kwa sababu kinawezekana hata kwa mtu mwenye shughuli nyingi.

Anza na mbano wa sekunde 3. Legeza kwa sekunde 6. Kila wiki ongeza kidogo hadi ufike sekunde 10 za kubana, ukilegeza kwa muda huo huo au zaidi. Ukiona mbano unakatika kabla ya muda, punguza sekunde. Mbano mfupi uliokamilika una faida kuliko mrefu wa kulazimisha kwa makalio. Mwisho wa kila seti, fanya mibano 5 hadi 10 ya haraka: bana kwa nguvu, achia mara moja. Misuli hii ina nyuzi za kustahimili na nyuzi za kushtuka. Zile za kushtuka ndizo zinazozuia mkojo unapokohoa ghafla.

Wiki ya kwanza fanya ukiwa umelala, halafu umekaa, halafu umesimama. Kusimama ni kugumu zaidi kwa sababu uzito wote wa tumbo uko juu ya misuli, lakini ni huko huko unakovujwa, kwa hiyo huwezi kukukwepa.

Jifunze pia kubana kabla ya tukio. Ukihisi chafya inakuja, au kabla ya kuinua ndoo au mtoto, bana kwanza, shikilia, halafu piga chafya au inua. Wengi huona tofauti kwa mbinu hii mapema, kabla hata misuli haijapata nguvu.

Ukimaliza mwezi mmoja na unahisi wazi kubana na kulegeza, unaweza kufikiria yai. Usipohisi kulegeza, usisogee mbele.

Hatua ya tatu: chagua yai

Ukubwa huwachanganya watu. Wengi hudhani dogo ndilo la mwanzo, lakini ni kinyume: yai kubwa hujaza nafasi na kuhisika kwa urahisi, dogo linataka misuli iliyokwisha kujua kazi. Kubwa lina urefu wa kama sentimita 4.5 kwa upana wa 3, na likiwa la jedi huwa na uzito wa gramu 60 hivi. La wastani ni sentimita 4 kwa 2.5, uzito wa karibu gramu 40. Dogo la sentimita 3 kwa 2 halifikii gramu 20. Anza na la wastani, au kubwa kama umezaa kwa njia ya kawaida na huna maumivu. Ikiwa kuingiza lolote kati ya hayo kunauma, jibu si kutafuta dogo zaidi. Rudi kwenye maelezo ya misuli iliyokaza.

Kwa upande wa jiwe, angalia ugumu. Jedi ya nefraiti ina ugumu wa 6 hadi 6.5 kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa mawe kuanzia 1 hadi 10, na kwatzi ina 7. Hayo mawili hayachubuki kwa urahisi. Kaa mbali na selenaiti, ambayo ina ugumu wa 2 tu na huliwa na maji, na malakaiti, ambayo ni laini na ina shaba ndani yake. Obsidiani ni kioo cha volkano: ikipata pigo humeguka na kuacha ukingo mkali kama wembe. Mimi nisingeiweka mwilini. Kuna pia mawe ya bei rahisi yaliyotiwa rangi. Lisugue yai kwa pamba nyeupe iliyolowa spiriti. Pamba ikipata rangi, lirudishe lilikotoka.

Kisha likague. Lioshe, lifute, ulishike chini ya taa kali na kuligeuza polepole. Pitisha ukucha juu yake kote, ukikaza kidogo. Ukucha ukikwama popote, hata kwenye mstari mwembamba usioonekana vizuri kwa macho, hapo pana ufa, na ufa ni makao ya bakteria. Angalia kwa makini ukingo wa kitundu kama yai limetobolewa, kwani mashine ya kutoboa mara nyingi huacha kingo zilizomeguka. Ukaguzi huu urudie kila kabla ya kulitumia, na yai likidondoka sakafuni ulitazame upya kama jipya.

Habari ya kitundu haina jibu zuri. Yai lenye kitundu hupitishwa uzi wa kulivutia, lakini ndani ya kitundu hapafikiki kwa kusafisha. Lisilo na kitundu ni safi zaidi, lakini kulitoa kunahitaji utulivu. Hapo ndipo mimi hupendelea kifaa cha silikoni ya kitabibu chenye mkia wake uliounganishwa: hakina vitundu, kinaweza kuchemshwa, na uzito wake unajulikana. Kama haikusumbui kwamba si jiwe, nunua hicho, na hatua zote zinazofuata zinakihusu vilevile.

Hatua ya nne: kuliandaa na kuliingiza

Osha yai kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato, ukalisuuza hadi utelezi wa sabuni uishe. Usilitumbukize jiwe katika maji yanayochemka, maana badiliko la ghafla la joto hulipasua, pengine kwa ndani usikokuona. Silikoni ndiyo unaweza kuichemsha kwa dakika 5. Kama yai lina kitundu, lipitishe uzi mpya wa kusafishia meno usio na nta wala ladha, fundo likae imara, ncha mbili zibaki nje za urefu wa kiganja. Uvute uzi kwa nguvu ujue hautakatika. Uzi huo ni wa siku moja.

Usijisafishe ndani ya uke kabla wala baada. Uke wenye afya una asidi ya kiwango cha pH 3.8 hadi 4.5 inayotunzwa na bakteria wema, na kila sabuni, limau au dawa ya mitishamba inayoingizwa huko huwaua hao na kufungulia mlango maambukizi.

Paka yai kilainishi cha maji kisicho na manukato wala cha kupasha joto. Mafuta ya kupikia au ya kujipaka yanaweza kubaki ndani na huharibu kondomu za mpira. Kilainishi cha silikoni kinafaa kwa jiwe, ila hakifai kwa kifaa cha silikoni.

Lala chali, magoti yakunjwe. Vuta pumzi mbili tatu za tumboni. Weka ncha nene ya yai mlangoni, na unapotoa pumzi lisukume kwa kidole kuelekea mgongoni, si moja kwa moja juu. Likishapita mlango, litelezeshe hadi likae kama sentimita 3 ndani. Lisipoingia, usilisukume kwa nguvu. Ongeza kilainishi, pumua, jaribu tena. Likigoma, achana nalo siku hiyo.

Hofu ya kwamba litapotea tumboni haina msingi. Uke umefungwa juu na mlango wa kizazi, na tundu la mlango huo ni dogo mno kwa yai kupita.

Hatua ya tano: zoezi lenyewe

Wiki mbili za mwanzo baki umelala. Vuta pumzi, legeza. Toa pumzi, libane yai na uhisi likivutwa juu. Hesabu hadi 5, kisha achia polepole hadi usikie limetua. Rudia mara 8. Pumzika dakika nzima bila kubana chochote, halafu fanya mibano 5 ya haraka. Hapo umemaliza. Wenye uzi wanaweza kuongeza jambo moja: uvute uzi kwa upole sana wakati umebana, kiasi cha kuhisi ukinzani tu, kisha uachie uzi kabla ya kulegeza misuli.

Baadaye fanya ukiwa umepiga magoti, kisha umesimama miguu ikiwa mbali kidogo. Ukiwa umesimama, yai litataka kuteremka, na misuli itajibu yenyewe. Likidondoka, si aibu, umejua tu mwisho wa nguvu yako ulipo leo. Simama juu ya taulo iliyokunjwa ili jiwe lisipige sakafu.

Dakika 10 hadi 15 zinatosha, mara 2 au 3 kwa wiki. Siku nyingine endelea na mibano bila yai. Katika hili siwezi kulegeza kauli: usilale nalo, usiende nalo kazini, usitembee nalo kutwa nzima. Wauzaji husema ndivyo inavyotakiwa, lakini msuli unaoshikilia kitu kwa saa nyingi haupati nafasi ya kulegea, na matokeo yake ni ule mkazo wenye maumivu tuliouona juu. Na kitu chochote kinachokaa ukeni muda mrefu huwapa bakteria muda wa kuzaliana.

Baada ya kulitoa, lala dakika mbili na uhesabu pumzi. Kama nyonga inahisi nyepesi na yenye joto, zoezi limekwenda vizuri. Kama inauma, inavuta, au unahisi kukojoa kila dakika, ulizidisha. Pumzika siku tatu.

Hatua ya sita: kulitoa

Chuchumaa, au simama ukiwa umeweka mguu mmoja juu ya kiti. Legeza taya na mabega, kwani mtu aliyekaza meno hukaza na nyonga. Vuta pumzi, na unapoitoa sukuma kidogo kama unayejisaidia. Yai litashuka. Lidake kwa kidole na dole gumba. Mwenye uzi auvute kwa kuelekea chini na mbele huku akisukuma.

Lisipotoka, karibu kila mara sababu ni kwamba umekaza kwa hofu. Usiingize koleo, kijiko wala kifaa chochote. Nenda ukaoge maji ya uvuguvugu, tembea kidogo, kojoa, kisha chuchumaa tena na kupaka kilainishi mlangoni. Likikataa baada ya saa chache, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kulitoa ni kazi ya dakika chache kwa daktari au muuguzi, na wameshatoa vitu vigeni kuliko hicho.

Likishatoka lioshe kwa sabuni, lisuuze, lifute na kitambaa safi, liache likauke kabisa kabla ya kuliweka kwenye mfuko wa pamba. Plastiki hushika unyevu. Na halitumiwi na watu wawili, hata kama ni ndugu, hata kama limeoshwa.

Dalili za kukupeleka hospitali

Homa kali ya ghafla, kutapika au kuharisha, kizunguzungu cha kuzimia na upele mwekundu kama ngozi iliyoungua jua, vikitokea siku za karibu baada ya kutumia kifaa cha ukeni, ni dharura. Toa kifaa kama bado kipo na uende usiku huo huo, ukimwambia mhudumu wazi kwamba ulikuwa na kitu ukeni. Ugonjwa huo unaotokana na sumu ya bakteria ni nadra na umejulikana zaidi kwa tamponi, yaani pamba ya hedhi inayoingizwa ukeni, lakini hausubiri asubuhi.

Uchafu wenye harufu, muwasho, maumivu chini ya kitovu au damu isiyo ya hedhi havihitaji mbio za usiku, ila vinahitaji kuonwa ndani ya siku moja mbili. Usivitibu kwa dawa za dukani ukiendelea na yai.

Usipoona mabadiliko baada ya miezi 3 ya mazoezi ya kweli, tafuta mtaalamu wa fiziotherapia wa nyonga. Nenda na daftari lenye kumbukumbu za siku tatu: ulikunywa nini na saa ngapi, ulikojoa mara ngapi, mkojo ulivuja ukiwa unafanya nini. Mwambie kama umezaa na kwa njia gani, kama choo ni kigumu, kama una maumivu wakati wa tendo. Mweleze kwamba umekuwa ukitumia yai, la ukubwa gani na kwa dakika ngapi. Atakuchunguza kwa kidole akikuomba ubane na ulegeze, na una haki ya kumwambia asimame wakati wowote, au kuomba mtu mwingine awepo chumbani.